Haki ya Mungu!

Somo la 9

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kutoka 20:7, Walawi 5:4–13, 1 Samweli 25:2–35, Mathayo 5:21, 22, 33–37, Mathayo 23:16–22, Mathayo 26:69–75, Marko 6:17–29, Waefeso 4:29, Yakobo 5:12.

Fungu la Kukariri: Mathayo 5:37. Lisome katika Biblia yako na kulikariri. Sabato darasa zima litalisema pamoja.

Sikiliza mazungumzo ya mtaani kwa saa moja tu. Kondakta anamhakikishia abiria kwamba gari linaondoka sasa hivi, "haki ya Mungu," na ndani ya gari wamo watu wanne. Muuza mitumba anaapa kwamba shati hilo yeye mwenyewe amelinunua kwa bei hiyohiyo anayomtajia mteja. Mtoto aliyeulizwa nani amemaliza sukari analamba kidole, anakielekeza mbinguni na kusema, "Mungu mmoja, si mimi!" Fundi cherehani alisema wallahi gauni litakuwa tayari Ijumaa, na leo ni Ijumaa ya tatu. Huko Nairobi kiapo chenyewe kimefupishwa, kimebaki "haki!" tu, na watu wanakitumia hata wanaposifia chapati.

Kisha sogea mpaka kwenye kijiwe ambako vijana wawili wamegombania abiria. Hapo utasikia maneno ya namna nyingine, ambayo hayawezi kuandikwa katika kitabu hiki.

Kiswahili kina neno kwa kila moja: kuapa na kutukana. Anayeapa humwita Mungu asimame nyuma ya maneno yake. Anayetukana humshusha binadamu mwenzake. Katika makanisa yetu tumekuwa wakali sana juu ya hilo la pili na wapole mno juu ya lile la kwanza. Kijana akisikika anatukana nje ya lango la kanisa, baraza litakaa. Mshiriki anayeheshimika akikopa fedha za mjane kwa kusema "Mungu ni shahidi yangu," na mwaka ukaisha fedha hazijarudi, tunasema ndugu ana matatizo ya kibiashara. Juma hili tutaanzia pale tulipozoea kupita haraka.

JUMAPILI

Mhuri Usio Wetu

Soma Kutoka 20:7 na Walawi 19:12. Amri ya tatu inakataza nini zaidi ya kumtukana Mungu waziwazi?

Wengi wetu tulifundishwa tangu darasa la watoto kwamba amri hii inahusu kutaja jina la Mungu ovyo ovyo. Hilo ni kweli, ila ni sehemu tu ya maana yake. Kitenzi cha Kiebrania kilichotumika hapo kina maana ya kuinua au kubeba. Na neno lililotafsiriwa "bure" ni shav, yaani utupu, kitu kisicho na kitu ndani yake. Musa anaporudia amri hizi katika Kumbukumbu la Torati 5:20, neno hilohilo linatumika juu ya ushahidi wa uongo. Kwa hiyo amri inamgusa mtu anayelibeba jina la Bwana na kulipeleka mahali palipo tupu, akalibandike juu ya maneno yasiyo na ukweli.

Fikiri juu ya mhuri wa ofisi ya kijiji. Barua yenye mhuri ule inapokelewa benki, shuleni na polisi, kwa sababu nyuma ya mhuri ipo serikali. Sasa chukulia kwamba mtu ameuchukua mhuri ule mezani akaenda nao nyumbani, akawa anagonga barua zake mwenyewe: ya kuombea mkopo, ya kumtetea mwanawe aliyetoroka shule, ya kuuzia kiwanja kisicho chake. Mhuri wenyewe ni halali, ila aliyeugonga hana mamlaka nao. Na kila barua ya uongo inapogongwa, mhuri unapoteza thamani hata kwa wale wanaoutumia kwa haki. Ndivyo "haki ya Mungu" inavyofanya kazi kinywani mwa mtu anayejua kwamba gari haliondoki.

Soma Mathayo 23:16–22. Mafarisayo walipangaje viapo vyao, na Yesu alijibu nini?

Walikuwa na ngazi. Aliyeapa kwa hekalu hakufungwa na kiapo, aliyeapa kwa dhahabu ya hekalu alifungwa. Tusiwacheke, maana sisi tunayo ngazi yetu. Mkristo anayeogopa kusema "haki ya Mungu" anasema "hakyanani." Mwingine anaapa kwa haki ya mama yake, au kwa kaburi la baba yake. "Haki ya nani" ni kiapo cha ajabu kweli: jina limeondolewa, lakini kiti cha shahidi kimeachwa palepale, na msikilizaji anajua vizuri nani alikuwa amekikalia. Yesu aliwaambia Mafarisayo kwamba huwezi kutaja hekalu bila kumgusa Yeye akaaye ndani yake. Kubadili neno hakubadili jambo.

Hapa niseme kidogo juu ya mishangao, kwa kuwa swali hili huulizwa kila mara. Mama ambaye mtoto wake ameteleza kisimani akapaza sauti "Yesu!" ameomba, na pengine ni ombi la kweli kuliko yote aliyoomba mwaka huo. Simu ikidondoka ikapasuka kioo, na mwenye simu akasema neno hilohilo, hamwombi mtu yeyote. Kila mmoja anajua moyoni mwake alikuwa anamwita nani.

JUMATATU

Bei Moja

Soma Mathayo 5:33–37 na Yakobo 5:12. Yesu anasema chochote kinachozidi "ndiyo" na "siyo" kinatoka wapi? Kwa nini aseme jambo zito hivyo juu ya neno dogo la mazungumzo?

Kiapo huyagawa maneno ya mtu mafungu mawili: yale aliyoyaapia na yale ambayo hakuyaapia. Mtu akisema, "Sasa nakwambia kweli, haki ya Mungu," amekiri bila kukusudia kwamba yale ya mwanzo yalikuwa ya namna nyingine. Kadiri anavyoapa zaidi, neno lake tupu linazidi kupungua thamani, mpaka inafika mahali watu hawamwamini hata akiapa. Mnamjua. Anapiga simu na kusema, "Haki ya Mungu niko njiani, nimefika Ubungo," na nyuma yake mnasikia jogoo wake wa nyumbani anawika.

Yesu hakutafuta kiapo bora zaidi. Alikwenda kwenye mzizi: kwa nini neno lako linahitaji mdhamini?

Katika jambo hili wapo Wakristo wa imani nyingine ambao historia yao inatufundisha. Katika karne ya 17 nchini Uingereza, wafuasi wa George Fox, waliojulikana kama Marafiki au Quaker, walisoma fungu hili wakaamua kulitii kama lilivyoandikwa. Walikataa kuapa mahakamani na mbele ya watawala. Mwaka 1662 ilitungwa sheria ya kuwaadhibu kwa kukataa viapo, na wengi wakafungwa. Haikuwa mpaka mwaka 1696 ndipo sheria ikawaruhusu kutoa tamko la kuthibitisha badala ya kiapo. Unaweza kusema walizidisha, na baada ya muda mfupi tutaona kwa nini. Lakini tazameni walichofanya madukani mwao. Walijiuliza: tukitaja bei ambayo hatuitarajii, kisha tukashuka kidogo kidogo kama vile tunaumia, je, ndiyo yetu ni ndiyo? Wakaanza kuuza kwa bei moja. Wenzao wafanyabiashara waliwacheka mwanzoni. Baadaye wateja waligundua kwamba hata mtoto mdogo akitumwa kwenye duka la Rafiki hataibiwa, na maduka yale yakajaa. Wamisionari wa kanisa hilo walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na leo Marafiki ni wengi katika sehemu hizo.

Sisemi kwamba kupatana bei ni dhambi. Katika masoko yetu kupatana ni mazungumzo, na muuzaji na mnunuzi wote wanajua kwamba bei ya kwanza ni salamu. Dhambi inaingia pale muuzaji anapomwita Mungu athibitishe uongo: "Haki ya Mungu, hapo sipati hata shilingi mia." Anapata elfu tatu. Mnunuzi Msabato naye anaapa kwamba hana fedha nyingine mfukoni. Wanaachana wakicheka, biashara imekwenda vizuri, na jina takatifu limetumika mara mbili kufunika shilingi elfu tatu.

Je, Yesu alikataza pia kiapo cha mahakamani? Soma Mathayo 26:63, 64. Kuhani Mkuu alimwapisha kwa Mungu aliye hai, naye aliyekuwa kimya akajibu. Paulo anamwita Mungu kuwa shahidi katika Warumi 1:9 na 2 Wakorintho 1:23. Ellen White, katika maelezo yake ya Hotuba ya Mlimani, anasema wazi kwamba kiapo cha mahakamani hakikukatazwa, na anatumia mfano huohuo wa Yesu mbele ya baraza. Lakini anasema pia kwamba maneno ya Kristo yanahukumu semi tupu za mazungumzo, sifa za uongo, kutia chumvi na udanganyifu wa biashara. Mshiriki ambaye dhamiri yake bado inamsumbua ajue kwamba sheria za Tanzania na za Kenya zinamruhusu shahidi kutoa uthibitisho badala ya kiapo.

JUMANNE

Kiapo cha Hasira

Ziko nyumba ambazo kiapo cha kinywani kimefunga milango yake kwa miaka. Ndugu wawili wamegombana juu ya mpaka wa shamba la marehemu baba yao. Mbele ya ukoo mkubwa wao akasema, "Haki ya Mungu, sitakanyaga kwako mpaka nazikwa." Miaka inapita. Hasira imepoa siku nyingi. Watoto wao wanasoma darasa moja na kula pamoja. Mke wa mdogo anafariki, na yule mkubwa anakuja mpaka barabarani, anasimama chini ya mwembe, haingii. Akiulizwa anasema, "Niliapa." Naye ni mtu wa kanisa. Anafikiri anamheshimu Mungu.

Hili si jambo la kupitia juu juu, kwa sababu ndani yake upo ukweli nusu. Biblia inamsifu mtu anayeapa kwa hasara yake mwenyewe wala habadiliki (Zaburi 15:4). Yoshua na wazee waliwaapia Wagibeoni bila kumwuliza Bwana, wakagundua wamedanganywa, na bado hawakuthubutu kuwaua (Yoshua 9). Basi yule aliye chini ya mwembe anakosea wapi?

Soma Marko 6:17–29. Herode alihuzunika. Kwa nini basi alifanya lile alilolihuzunikia?

Alikuwa ameapa mbele ya wageni. Marko anataja vyote viwili kwa pamoja, viapo na watu waliokuwa mezani. Herode hakumwogopa Mungu aliyemtaja katika kiapo. Aliogopa macho ya waalikwa. Ukichunguza viapo vingi vya ukoo utawakuta wageni wale wale wameketi: watasemaje wakiniona nimeingia?

Sasa soma 1 Samweli 25:2–35. Daudi aliapa kufanya nini (fungu la 22), na alisema nini baada ya kutokifanya (mafungu ya 32–34)?

Nabali alimtukana. Daudi akawafunga upanga watu wapatao 400 na akaapa kwamba kabla ya mapambazuko hatabaki mwanamume hata mmoja katika nyumba ile. Kiapo kimetoka, jeshi lipo njiani. Abigaili akamkuta na punda wake, mikate, divai, kondoo na zabibu kavu, akashuka na kuanguka miguuni pake. Daudi hakumjibu, "Mama, umechelewa, nimekwisha kuapa." Alimhimidi Mungu kwa sababu alizuiwa. Akaigeuza njia. Hakuna mahali popote katika sura hii ambapo Daudi anakemewa kwa kuvunja kiapo kile; kosa lilikuwa kukiapa.

Tofauti kati ya Daudi na mtu wa Zaburi ya 15 iko hapa. Kiapo ambacho hasara yake inanipata mimi, nikitimize hata kikiniuma. Nimeahidi kumlipia mpwa wangu ada, na mahindi hayakutoa kitu, nitauza mbuzi. Lakini kiapo ambacho kukitimiza ni kumtendea mwingine uovu, au kuacha wema ambao Mungu ameuamuru, hakijawa kitakatifu kwa kuwa Jina lilitajwa ndani yake. Yule ndugu aliapa kwamba hatampenda ndugu yake. Mungu hakuwahi kuwa mdhamini wa kiapo cha namna hiyo.

Soma Walawi 5:4–13. Mtu aliyeapa kwa haraka midomoni, halafu akatambua, alitakiwa afanye nini?

Aungame, alete sadaka. Tena angalieni ngazi ya sadaka zenyewe: kondoo jike au mbuzi; asiyeweza, hua wawili au makinda mawili ya njiwa; asiyeweza hata hao, unga kidogo. Bwana alijua kwamba maskini nao huapa kwa hasira, akahakikisha kwamba hakuna atakayebaki amefungwa na ulimi wake kwa kukosa mbuzi. Majirani zetu Waislamu nao wana mafundisho ya kafara kwa kiapo kilichovunjwa, kama kulisha maskini kumi au kufunga siku tatu. Kwetu sisi Sadaka imekwisha kutolewa. Kilichobaki ni kuungama, na mara nyingi kuungama huko kunahitaji kutembea hatua chache kutoka chini ya mwembe hadi mlangoni.

Kama umefungwa na kiapo cha namna hii, nenda na mzee wa kanisa au mtu mwingine unayemwamini. Usingoje msiba.

JUMATANO

Samaki Aliyeoza

Soma Waefeso 4:29 na Wakolosai 4:6.

Neno la Kigiriki ambalo Biblia yetu imelitafsiri "ovu" katika Waefeso ni sapros. Ndilo neno lililotumika katika Mathayo 13:48 juu ya samaki wasiofaa, ambao wavuvi huwatupa. Anayeifahamu Feri ya Dar es Salaam au soko la Kirumba Mwanza hahitaji maelezo. Samaki aliyeharibika haharibiki peke yake; ukimwacha kikapuni, jioni kikapu chote kinanuka. Na mwenye kikapu ndiye wa mwisho kusikia harufu, kwa kuwa ameizoea. Waswahili wa mwambao na wavuvi wa Ziwa Victoria wote wanajua dawa: samaki anatiwa chumvi mapema, kabla hajaanza kuharibika. Katika Wakolosai Paulo anaandika kwamba maneno yetu yakolezwe chumvi.

Matusi mengi ya Kiswahili yanamlenga mama. Watu wawili wanagombana juu ya chenji ya shilingi mia tano, na anayevunjiwa heshima ni mwanamke mzee aliyekaa kijijini anapepeta mchele, hajui chochote. Linganisha na amri ya tano.

Lakini Mathayo 5:21, 22 inatushika mahali tusipopatarajia. Yesu anapotoa mifano ya maneno yanayompeleka mtu hukumuni, hataji tusi la nguoni hata moja. Anataja "raka," neno la Kiaramu lenye maana ya mtu mtupu, asiye na kitu kichwani, na neno "mpumbavu." Ni maneno laini kabisa. Yanasemwa katika nyumba zenye ibada ya asubuhi na ya jioni. Katika kazi yangu ya elimu nimeketi nyuma ya madarasa mengi, na nimemsikia mwalimu ambaye hawezi kutamka tusi la nguoni hata akinyweshwa sumu akimwita mtoto "kilaza" mbele ya wenzake arobaini. Darasa likacheka. Mtoto yule akacheka pia, kwa kuwa angefanya nini? Wazazi tunasema "huna akili kama baba yako," halafu tunashangaa mtoto ametoka wapi na lugha ya kijiweni.

Je, utani nao? Makabila yetu mengi yana watani, kama Wazaramo na Wanyamwezi. Babu na mjukuu nao hutaniana. Katika msiba mtani huweza kusema maneno ambayo mtu mwingine angeshtakiwa kwayo, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Sioni kwamba Paulo angekuwa mkali hapo, maana neno la namna hiyo linamwinua anayelisikia, nalo lina mipaka ambayo wote wanaijua. Ila utani hauwezi kuwa kisingizio cha mtu mwenye chuki. Ukimtania mtu na yeye peke yake hacheki, jiulize kama huo bado ni utani.

ALHAMISI

Makaa Mawili

Soma Mathayo 26:69–75. Petro alifanya mambo gani mawili kwa kinywa chake?

Mara ya pili alikana kwa kiapo. Mara ya tatu alianza kulaani na kuapa. Watu walikuwa wamemtambua kwa lafudhi yake ya Galilaya, naye akaona njia ya haraka ya kuthibitisha kwamba hakuwa na Yesu ni kusema kama watu ambao hawajawahi kukaa naye. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Walimwacha.

Sasa soma Yohana 18:18 na Yohana 21:9–17. Neno la Kigiriki la moto wa makaa linapatikana mahali hapa pawili tu katika Agano Jipya: ua alimokanusha Petro, na ufuko alipoandaliwa samaki na mkate. Bwana aliyafahamu yote yaliyosemwa kwenye makaa ya kwanza. Kwenye makaa ya pili alimlisha kwanza, halafu akamwuliza mara tatu kama anampenda, akamkabidhi kondoo. Juu ya maneno yale hakumwuliza kitu.

Kijana wa bodaboda ameanza kuja kanisani mwezi wa pili sasa. Jumatano jioni mshiriki mmoja amemsikia kijiweni akitukana kama zamani. Sabato amekuja, amekaa kiti cha nyuma.

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi: Soma Yakobo sura ya 3 yote kwa utulivu, kisha Waebrania 6:13–18, ambapo Mungu mwenyewe anaapa. Hakuwa na mkubwa zaidi wa kumtaja, akaapa kwa nafsi yake, si kwa kuwa neno lake lilikuwa dhaifu, bali kwa kuwa sisi tunaoambiwa ni wazito wa kuamini. Linganisha na sababu zetu za kuapa.

Jaribu jambo moja: tangu leo machweo hadi kesho machweo hesabu ni mara ngapi umetaka kuapa, hata kwa kiapo kilichofupishwa. Andika nani ulikuwa unazungumza naye. Majina hayo yatakuambia ni nani ambao unadhani hawakuamini.

Maswali ya Kujadili:

1. Mwalimu, ligawe darasa katika makundi mawili. Kundi moja litetee msimamo wa Marafiki wa kutoapa kabisa, hata mahakamani; jingine litetee msimamo kwamba Mkristo anaweza kuapa mbele ya sheria. Kila kundi litumie mafungu ya juma hili.

2. Mshiriki mfanyabiashara anasema, "Nisipoapa sokoni hawanunui, wanaenda kwa jirani anayeapa." Msimwambie tu kwamba aamini. Je, kanisa lenyewe linaweza kumsaidia vipi katika miezi ya kwanza, wateja wakipungua?

3. Mtoto wako wa miaka sita amerudi na tusi zito ambalo hajui maana yake. Mwingine wa miaka kumi na tano amesema "Mungu mmoja" juu ya jambo la uongo. Kwa kawaida ni yupi huadhibiwa zaidi nyumbani kwenu, na kwa nini?

4. Katika baraza la kanisa lenu, ni lini mara ya mwisho mlijadili kiapo kilichovunjwa juu ya fedha? Na juu ya matusi?

5. Yule aliyesimama chini ya mwembe anakuja kwako kabla ya maziko. Una nusu saa. Utamfungulia fungu gani, na ni nani utamwomba aende naye hadi mlangoni?

6. Nani katika darasa hili atakwenda leo kukaa na yule kijana kwenye kiti cha nyuma, na ataanza kwa kumwambia nini?